Bibi Minza Yuko Nkome

Mabula alikuwa mwendesha karasha, mashine ya kusagia mawe, pale Bugarama. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine mawe ya dhahabu toka asubuhi hadi jioni, na mwili wake ulifanana na kazi hiyo: mabega mapana, mikono ya kunyanyua kiroba cha mawe kama wengine wanavyonyanyua mto wa kulalia, na vumbi jeupe kwenye nyusi ambalo hata sabuni ya Jumapili halikuisikia. Asiyemjua angesema huyu bwana akiangalia picha ataangalia za ngumi. Angekosea sana. Mabula alikuwa mtu wa tamthilia. Alipenda zile za familia, za mama wakwe, wapangaji, wachumba waliopotezana, na hakuona haya kulia mbele ya mkewe Nelly pale wachumba hao walipopatana.

Maoni alikuwa nayo tele. Za Kihindi alisema zinamchosha, maana mtu akitoa neno moja lazima kamera iwazungukie wote waliopo sebuleni, mpaka mpishi, kuona nani ameshtuka. Za Kituruki alizipenda, ila hakuelewa kwa nini watu wenye nyumba ya vyumba ishirini huongelea siri zao nyuma ya mlango uleule wanaosikilizwa kila siku. Za Kikorea alizipa alama za juu kwa sababu moja: watu wanakula.

"Msichana ameachwa, analia, lakini tambi zinashuka," alimwambia Benjamini, mwenzake wa kwenye karasha. "Ndivyo binadamu alivyo. Kwenye za kwetu mtu akiachwa anaenda kusimama dirishani."

Benjamini, mtu wa Muleba, alicheka mpaka akakaa juu ya kiroba. Kwake yeye picha isiyolipuka helikopta haikuwa picha.

Za Kibongo Mabula alizisema kama mzazi anavyomsema mtoto wake: yeye ruksa, mtu wa nje marufuku. Alilalamikia wagonjwa mahututi wenye kope za bandia. Alilalamikia kikohozi. "Mtu akikohoa mara moja tu, sehemu inayofuata anazikwa. Mimi nakohoa vumbi mwaka wa tisa huu, mbona bado mnanidai salamu?"

Halafu ikaja *Uani kwa Minza*, na Mabula akanyamaza kulalamika.

Ilikuwa tamthilia ya mtandaoni, kazi ya vijana wa Mwanza, iliyotoka kila Jumamosi asubuhi. Hakukuwa na jumba wala gari la kifahari ndani yake. Kulikuwa na ua mmoja, kamba za kuanikia nguo, jiko la mkaa, wapangaji watano, na mwenye nyumba, mjane aliyeitwa Bibi Minza. Bibi huyu alikuwa na ulimi mkali na moyo laini, na wapangaji walipogombana, kwa ndoo ya maji au kwa mume, kesi iliishia kwenye kigoda chake. Mabula alimpenda kwa sababu hakuigiza. Alipopika, moshi ulimwingia machoni kweli, na alipomkaripia mtu, hakuinua mkono, alishusha sauti.

"Huyu mama wamemtoa kwetu," Mabula alimwambia Nelly. "Huyu ni mayu kabisa."

Mayu, yaani mama yake, aliitwa Limi, na aliishi nje kidogo ya Mhunze, kule Kishapu, na pamba yake na ng'ombe wake wanne. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na aliona kivuli cha mtu mlangoni, basi. Kwa miaka miwili Mabula alikuwa amembembeleza akubali upasuaji, na kwa miaka miwili jibu lilikuwa lilelile: "Kisu ni cha kuchinjia kuku. Machoni kwangu hakipiti."

Kwa hiyo kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani, Mabula alipiga simu kumsimulia sehemu ya wiki hiyo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Haya. Minza amefanya nini?"

Salamu ziliishia hapo. Mabula alisimulia kwa Kisukuma, akiigiza sauti za wapangaji mmoja mmoja, akieleza nani amevaa nini na nani amekunja uso. Limi alisikiliza na simu yake ya kitochi ikiwa imewekwa spika juu ya kinu kilichogeuzwa, na baada ya wiki chache majirani nao wakaanza kuleta vigoda. Walikuwa na maoni kumzidi hata Mabula. "Huyo mpangaji wa chumba cha tatu mwongo," Limi angesema katikati ya habari. "Mwanamke aliyefiwa hasuki nywele wiki ileile. Waambie hao vijana." Mabula aliahidi kuwaambia, kana kwamba wangemsikiliza.

Mwezi wa tano Mama mdogo Mariana akafariki. Alikuwa mdogo wake Limi wa pekee, tumbo moja, na nyumba zao zilitenganishwa na shamba la mtama tu. Mabula alikwenda kuzika. Alimkuta mama yake amekaa sakafuni katikati ya wanawake, hasemi, halii, mikono imelegea mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Alikaa naye siku tatu. Ijumaa akalazimika kurudi kazini.

Jumamosi akiwa kwenye mapumziko akafungua simu kuangalia sehemu ya kumi na nne. Ilimchukua dakika ishirini na mbili, na ilipokwisha Benjamini alimuuliza kama amepata habari mbaya ya nyumbani.

"Wamemuua Minza," alisema Mabula.

"Nani huyo?"

"Steringi! Tamthilia inaitwa kwa jina lake, halafu wanamuua sehemu ya kumi na nne! Ulishaona wapi mtu anabomoa nyumba anabakiza kibao cha namba?"

Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa wameitengeneza vizuri mno. Hapakuwa na kikohozi wala hospitali. Bibi Minza alijilaza tu mkekani uani baada ya chakula cha mchana. Wapangaji wakaanza kugombania kamba ya nguo, wakapandisha sauti, mmoja akasema haya, twende kwa Bibi akaamue. Wakamwita. Wakamwita tena. Kamera ikabaki kwenye shati lililolowa, likidondosha maji chini, tone moja moja.

Jumapili ilipofika, Mabula alitamani simu ya mama yake iwe imeisha chaji. Haikuwa imeisha.

"Mhola?" aliuliza.

"Mhola." Sauti ya Limi ilitoka mbali, kama iliyopitia ukutani. Kisha akasema, "Watu wamejaa humu tangu msiba. Wananiambia nile, nilale, nilie. Nimechoka. Niambie ya Minza."

Mabula alitazama juu, akatazama vumbi kwenye viatu vyake. Akasema, "Minza amesafiri, mayu."

"Amesafiri kwenda wapi?"

"Nkome. Ziwani. Ana kaka yake kule, anaanika dagaa."

Halafu Limi akasema, na ndani ya sauti yake kulikuwa na kitu kidogo kilichoamka, "Minza ataweza kukaa na harufu ya dagaa, yule?"

"Siku ya kwanza tu amegombana na wachuuzi wote wa samaki pale mwaloni."

Limi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chenye kutu, lakini Nelly aliyekuwa akisuka nywele za mteja barazani alikisikia na akainua kichwa.

Mabula alikusudia uongo ule uwe wa Jumapili moja. Lakini Jumapili iliyofuata Limi aliuliza Minza ameamkaje, na mtu aliyesafirishwa hawezi kurudishwa bila sababu. Basi Mabula akaendelea. Alimpa Minza chumba chenye dirisha la kuelekea majini. Alimpa wifi mchoyo wa chumvi. Alimpa kikohozi, kisha akaeleza kwamba ni moshi wa kukaushia samaki na kesho yake kimepona, na kwa hilo alijisikia amelipiza kisasi cha miaka. Wiki ya tano akamleta Kalisti, mgane mwenye mitumbwi miwili, aliyekuja kila asubuhi na sato mmoja aliyefungwa kwenye jani la mgomba, akamweka kizingitini na kuondoka bila kusema neno.

Kalisti alipokelewa Mhunze kwa vigelegele. Mabula aliwasikia kwenye simu.

Wiki nzima sasa alikuwa akiwaza Nkome huku akimimina mawe. Aliuliza watu waliotoka ziwani dagaa wanaanikwa vipi mvua ikinyesha, na wachuuzi wanatukanana kwa maneno gani. Ile tamthilia yenyewe aliendelea kuiangalia kwa uaminifu, lakini bila Minza ilikuwa imepwaya; wapangaji walirithi ua na wakaanza kupigana vibao.

"Wewe sasa si mshabiki," Nelly alimwambia. "Wewe ni mtunzi. Na siku mayu akijua, mimi simo."

Jumapili ya kumi na mbili, simu iliita kabla Mabula hajapiga yeye. Haikuwa saa yake.

"Mabula," alisema Limi, bila mwangaluka. "Mama Amosi yupo hapa. Na wengine wote wapo. Nimeweka spika."

Mama Amosi, aliyebatizwa Serafina, alikuwa jirani wao wa mkono wa kulia na rafiki wa mama yake tangu wote wawili walipoolewa. Mabula akasema, "Shikamoo, Mama Amosi."

"Marahaba," ilijibu sauti ya upande, kavu.

"Mkwe wake amekuja kutoka Shinyanga mjini na simu kubwa," Limi aliendelea. "Wameiangalia *Uani kwa Minza*. Mama Amosi amesimama kisimani mbele za watu, akasema Minza alikufa zamani, akazikwa. Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia ana kijicho kwa kuwa mwanangu hunipigia na wake hampigii. Hatusalimiani siku ya tisa leo. Sasa nataka useme wewe mwenyewe, wasikie. Minza yuko hai, au amekufa?"

Mabula alifungua kinywa. Alisikia kuku wa kule Kishapu, alisikia kigoda kikisogezwa, alisikia wanawake kumi wakivuta pumzi.

"Mayu," alisema, "mtandao... sikusikii vizuri..."

Akakata simu. Nelly alikuwa amesimama mlangoni na kitana mkononi. Alienda chumbani, akatoa begi dogo, akalitupia shati moja na mswaki, akaliweka miguuni pa mumewe.

Mabula alifika Mhunze kesho yake mchana, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Mama yake alikuwa kivulini akichambua choroko kwa vidole, mbovu huku, nzima huku, bila kukosea. Alimtambua kwa hatua.

"Mtu hasafiri Jumatatu kuja kuniambia Minza mzima," alisema.

Mabula akapiga magoti chini, mtu mzima wa mabega yale, akaeleza yote. Alianzia sehemu ya kumi na nne, akaja Nkome, wifi, kikohozi, Kalisti na sato wake. Alisema alishindwa kumletea kifo kingine wiki ile, kisha akashindwa kuacha.

Limi hakuacha kuchambua. Kisha aliuliza, "Alikufaje?"

Basi akamsimulia. Hakupunguza wala hakuongeza: mkeka, kamba ya nguo, zogo la wapangaji, haya twende kwa Bibi akaamue. Wakamwita, wakamwita tena. Shati na maji yake. Alipofika hapo aliona vidole vya mama yake vimesimama ndani ya ungo.

"Mariana naye nilidhani amelala," alisema Limi. "Nilimkuta kalala hapo nje kwake, nikamsemesha habari za mbegu. Nilimsemesha kirefu, Mabula. Nikamwambia mvivu wewe, usingizi gani wa saa nane. Nikaenda zangu kuchota maji."

Mabula hakuwa anajua hilo. Hakuna aliyekuwa anajua. Mama yake akalia, kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa leo asubuhi, na Mabula akamshika mabega akamwacha alie mpaka choroko zikamwagika mbovu na nzima pamoja.

Alipokwisha alijifuta kwa khanga, akapenga kamasi, akasema, "Ile Jumapili ya kwanza nakushukuru. Nisingeiweza habari hiyo. Lakini zilizofuata zote ulikuwa unajifurahisha mwenyewe."

"Ni kweli, mayu."

"Na huyo Kalisti. Mwanaume wa kuleta samaki kila siku halafu asiseme shida yake, huyo hayupo. Nilishangaa tangu mwanzo. Nikasema hawa vijana wa Mwanza hawajaoa."

Mabula, licha ya yote, aliona maoni hayo yamemchoma. Alitaka kumtetea Kalisti.

"Nyanyuka. Nishike mkono. Tunakwenda kwa Mama Amosi."

Mama Amosi alikuwa mlangoni kwake akitwanga, na alipowaona wanakuja alizidisha kutwanga. Limi alisimama hatua tatu mbele yake, akiwa ameushikilia mkono wa mwanawe.

"Serafina," alisema, akimwita jina lake la usichana badala ya la mtoto, "nilikuita mwongo mbele za watu. Mwongo ni huyu hapa, nimemleta. Na la kijicho nililitoa moyoni mwangu mwenyewe, hilo si lake. Nisamehe."

Mchi ukasimama. Mama Amosi alimtazama Mabula juu mpaka chini, akimpima.

"Kwa hiyo ya Nkome yote umetunga wewe?"

"Ndiyo, Mama Amosi. Nisamehe na mimi."

"Yule wifi wa chumvi ni nani? Ni mimi?"

"Hapana, mama! Haki ya Mungu."

"Mbona anaongea kama mimi?" Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kumsaliti. Akaweka mchi chini, akavuta vigoda viwili, akamkalisha Limi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akabaki amemshika kiganja. "Siku kumi nimekaa humu ndani nasikia mnacheka kule. Siku kumi! Jumapili ya wiki jana Kalisti alifanya nini? Sikuja. Nilinuna."

Mabula akamsimulia. Ilibidi. Alidaiwa radhi, na hayo ndiyo malipo aliyoombwa. Mkwe wa Mama Amosi naye akatoka na simu yake kubwa, akasikiliza akiwa ameegemea mlango, na mwishoni akasema kwamba, kusema kweli, ya mtandaoni siku hizi haina ladha.

Jioni, wakirudi, Limi alisimama njiani.

"Wale madaktari wa macho uliokuwa unanisumbua nao," alisema. "Wanakuja lini?"

Mabula alidhani hakusikia vizuri. "Mwezi ujao, hospitali ya wilaya. Kwa nini, mayu?"

"Uniandikishe."

"Na kisu?"

"Kisu nakiogopa kama jana. Lakini mdomo wako sasa nauogopa zaidi. Miaka yote hii nimekuwa nikiazima macho yako, na wewe unanionyesha unachotaka. Nataka kuona mwenyewe."

Mabula akacheka, akamshika mkono, wakaendelea na njia.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Nelly ndiye aliyekaa naye wodini, na aliporipoti kwa simu kwamba bandeji imetolewa, alisema kitu cha kwanza mayu kukitaja ni rangi ya shuka, kwamba ni chafu. Wiki tatu baadaye akaletwa Bugarama apumzike kwa mwanawe. Alimtazama Mabula kwa muda mrefu mlangoni, akampapasa nyusi kwa kidole gumba, akasema amezeeka, na hakuna aliyemwambia.

Baada ya chakula alidai sehemu ya kumi na nne.

Mabula alimwekea kwenye televisheni, akakaa kando yake. Limi aliangalia akiwa ameinama mbele, amefumba jicho la kushoto. Hakutoa maoni hata moja, jambo ambalo Mabula hakuwahi kuliona kwa mtu yeyote wa ukoo wao. Shati lilipoanza kudondosha maji alisema, "Rudisha." Mabula akarudisha hadi kwenye mkeka. Akaangalia tena. Safari hii machozi yalimtoka, polepole, na alipoyafuta alitumia kitambaa cha hospitali kama daktari alivyoagiza.

"Wamefanya vizuri," alisema. "Hawa vijana wana akili. Weka inayofuata."

"Inayofuata haina maana, mayu. Kuanzia hapo wameharibu. Wapangaji wanaanza kupigana vibao, halafu yule wa chumba cha tatu..."

"Mabula."

"Naam, mayu."

"Sijakuuliza maoni yako. Weka, nione, nitasema mwenyewe."

Mabula akachukua rimoti, akaweka sehemu ya kumi na tano.